Jazi Imeingia Mchezoni, Wenyewe Wameachwa Mlangoni

Majuma mawili yaliyopita nilikaa katika jopo la kusikiliza mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa shahada ya umahiri. Ulikuwa mchana wa joto, na wajumbe walikwisha kuchoka. Mwanafunzi wa nne, binti ambaye mimi ndiye msimamizi wake, alisimama akasoma mada yake: muziki wa jazi katika michezo ya video, na jinsi michezo hiyo inavyoisimulia au kuificha historia ya Wamarekani weusi. Hakufika ukurasa wa tatu. Mjumbe mmoja, mzee ninayemheshimu kwa umri wake na kwa vitabu alivyovisoma, alivua miwani akasema, "Binti yangu, hapa ni chuo kikuu, si kibanda cha gemu." Jopo likaangua kicheko. Nakiri kwa aibu kwamba hata midomo yangu ilianza kutabasamu kabla sijaizuia.

Akapewa majuma manne atafute mada "yenye uzito". Jioni alinifuata ofisini, akanisalimu, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, nifanye methali? Methali hazichekwi."

Makala haya ni jibu langu kwa jopo lile, nikiwamo mimi mwenyewe. Lakini nimtahadharishe msomaji mapema kwamba sikuja kuwapigia makofi wapenzi wa gemu. Nina ugomvi na pande mbili, na ule wa pili ndio mkubwa zaidi.

Nianze na kicheko, kwa sababu kicheko kile kina ukoo mrefu. Mwaka 1965 waamuzi wa muziki wa Tuzo ya Pulitzer nchini Marekani walipendekeza Duke Ellington apewe heshima maalumu kwa kazi ya maisha yake. Bodi ya tuzo ikakataa. Ellington alikuwa na umri wa miaka 66, ameongoza bendi kwa takribani miongo minne na kutunga mamia ya kazi. Heshima hiyo ilimfikia mwaka 1999, akiwa ameshalala kaburini miaka 25. Scott Joplin, baba wa muziki wa piano uitwao ragtaimu, ambao jazi ilichota kwake, alikufa mwaka 1917 akazikwa New York katika kaburi lisilo na alama. Alama ilikuja mwaka 1974, na Pulitzer ikamfuata mwaka 1976. Wakati wote huo palikuwapo watu wenye miwani na shahada waliojua kabisa ni kipi chenye uzito na kipi hakina.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Wazee wetu waliopiga muziki wa dansi waliitwa wahuni na majirani, na mabinti waliokwenda kuwasikiliza waliitwa majina mabaya zaidi. Leo tunaandika tasnifu kuhusu Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, tunazifunga kwa majalada magumu, tunazipanga maktabani, na hakuna anayecheka. Kilichobadilika ni umri wetu sisi tunaosikiliza, maana santuri ni zile zile.

Sasa tuitazame mada yenyewe. Mwaka 1985 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo uitwao Super Mario Bros. Mashine iliyouchezesha, Famicom ya mwaka 1983, ilikuwa na chipu ya sauti yenye njia tano tu: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi la pembetatu, moja ya kelele tupu, na moja ya vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Hizo ndizo zilizokuwa bendi nzima. Mtunzi, Koji Kondo, alikuwa kijana wa miaka 24. Aliichukua njia ile ya kelele akaifanya iwe toazi linaloshika mwendo. Juu yake akaweka wimbo ambao noti zake zinalikwepa pigo, nyingine zikiwahi na nyingine zikichelewa, kama mtu anayeteremka ngazi kwa furaha bila kuzitazama. Mwendo ule haukutoka hewani. Kizazi cha Kondo kilikulia katika masikio ya bendi za Kijapani kama Casiopea na T-Square, zilizoichanganya jazi na roki na midundo ya Amerika ya Kilatini, na bendi hizo nazo zilizaliwa katika nchi ambayo tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa na migahawa ya kahawa ya kusikilizia santuri za jazi, mahali ambapo wateja huambiwa wanyamaze kama waumini wakati wa hotuba.

Kwa hiyo mtoto wa Tandika au Kawangware aliyewahi kulipia muda wa kucheza Mario kibandani, hata kama hajui Louis Armstrong ni nani, ameshapitiwa na jambo lililoanza New Orleans, likavuka Pasifiki, likabanwa katika chipu ndogo kuliko ukucha, na bado likatoka linacheza. Ikiwa hilo si somo la chuo kikuu, basi mimi sijui tunakaa humu kufanya nini. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza muziki ule katika orodha ya rekodi zinazohifadhiwa kwa ajili ya taifa, ukiwa muziki wa kwanza wa gemu kupata nafasi hiyo. Mwaka mmoja kabla yake, bendi kubwa ya jazi ya New York iitwayo The 8-Bit Big Band, inayopiga nyimbo za gemu kwa matarumbeta na saksafoni, ilipata tuzo ya Grammy ya upangaji wa muziki kwa kipande kilichotoka katika mchezo wa Kirby.

Na kuna ukurasa wa tano wa pendekezo la binti yule, ambao jopo halikuufikia. Muziki wa kwanza kabisa wa gemu kupata tuzo ya Grammy uliipata mwaka 2011, na unaimbwa kwa Kiswahili. Ni "Baba Yetu", uliotungwa na Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV wa mwaka 2005. Maneno yake ni Sala ya Bwana, yaliyopangwa na Chris Kiagiri. Si jazi, na binti hakudai kuwa ni jazi. Aliuliza tu swali ambalo lilistahili kujibiwa na wataalamu wa Kiswahili waliokuwa mbele yake: imekuwaje lugha yetu ikafungua mlango ule, na sisi wenyewe tukabaki hatujui hata jina la aliyeyapanga maneno? Nawauliza wenzangu wa jopo, kwa heshima zote, ni wangapi kati yetu walikuwa wamelisikia jina hilo?

Hayo yanatosha kwa ugomvi wa kwanza. Wanaodharau hawanitishi, maana watastaafu, nami nitastaafu, na wanafunzi wataendelea. Wanaonitisha ni wale wanaopenda.

Nyumbani kwangu yupo kijana wa miaka kumi na mitatu anayeupenda sana mchezo wa Cuphead. Uliundwa Kanada na ndugu wawili, Chad na Jared Moldenhauer, ukatoka mwaka 2017. Kila picha ilichorwa kwa mkono kufuata katuni za Marekani za miaka ya 1930, hasa zile za studio ya Fleischer. Muziki wake, wa mtunzi Kristofer Maddigan, ulipigwa na wanamuziki wa kweli studioni: bendi kubwa ya jazi, piano ya ragtaimu, waimbaji. Nasema bila kusita kwamba ni muziki mzuri mno. Tromboni zinacheka, dramu zinakimbia, na mtu anayejua Ellington na Joplin atawatambua mara moja wakipita. Mwaka 2019 albamu yake ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya Billboard ya albamu za jazi. Usiku mmoja nilisimama nyuma ya kijana wangu nikisikiliza, huku nikijifanya nimekuja kumwamuru akalale.

Ndipo akatokea King Dice, jitu lenye kichwa cha dadu, suti ya zambarau na masharubu membamba, linalolinda mlango wa Ibilisi katika nyumba ya kamari. Likaanza kutembea. Nikamwambia kijana asimamishe mchezo. "Huyu namjua," nikasema. "Baba, huyu ni dadu," akanijibu.

Nilimjua kwa mwendo wake. Mwaka 1932 studio ya Fleischer ilitoa katuni iitwayo Minnie the Moocher. Inaanza kwa picha halisi za Cab Calloway, mwimbaji na kiongozi wa bendi, Mwamerika mweusi aliyekuwa na mwendo wa kuteleza ambao hakuna aliyekuwa nao. Kisha katuni inaingia, na Calloway anageuka kuwa mzuka wa nguva-dume mwenye pembe mdomoni, yule mnyama wa baharini wa nchi za barafu, anayecheza pangoni. Miondoko ya mzuka ule ni ya Calloway mwenyewe, kwa maana kamili ya neno: Max Fleischer alikuwa amebuni mashine iitwayo rotoskopu, inayomwezesha mchoraji kuifuatisha filamu ya mtu halisi picha kwa picha. Walimpiga picha Calloway akicheza, wakafuatisha mwili wake kwa kalamu, kisha wakauvua mwili wakabaki na mwendo.

Fikiri, msomaji, juu ya jambo hilo. Mtu anabaki kama mwendo, bila uso na bila rangi. Miaka themanini na mitano baadaye mwendo ule unarithishwa kwa dadu jeupe, na kijana wangu wa Kiafrika ananiambia huyu ni dadu. Naye ana haki, maana katika mchezo mzima, kwa saa zote nilizosimama nyuma yake, sikumwona mtu mweusi hata mmoja. Muziki ni wao, ngazi za sauti ni zao, mwendo ni wao, kofia na suti ni zao. Wenyewe hawamo.

Waundaji walipoulizwa walieleza kwamba walichokopa ni mtindo wa kuchora tu, si mambo mengine ya enzi ile. Naamini walisema kwa nia njema. Lakini mtindo ule wa kuchora haukuwa na maisha nje ya mambo hayo mengine. Mwaka huo huo wa 1932 studio ile ile ilimweka Louis Armstrong katika katuni nyingine. Betty Boop ametekwa na washenzi wa msituni, na kichwa cha Armstrong, kikubwa, kinachoelea, kinawafukuza marafiki zake angani huku kikiimba. Mpiga tarumbeta mkubwa kuliko wote wa karne yake anaonyeshwa kama mla watu. Msitu ule wanaouchora ni sisi. Kwa hiyo mtu akiniambia anaipenda enzi hiyo kwa mtindo wake tu, namwelewa, ila namwomba asinitarajie nami niipende kwa namna hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyechorwa.

Hapa kuna watu watakaosema: ulitaka nini? Ulitaka wamchore mtu mweusi kuwa mtumishi wa Ibilisi ndipo uridhike? Hoja hii ina nguvu na siikwepi. Pengine dadu ni afadhali kuliko kikaragosi kile cha zamani chenye midomo minene. Lakini tazama jinsi hoja yenyewe ilivyojifunga: ama uwepo kwa kudhalilishwa, ama usiwepo kabisa. Kwamba ingewezekana kuwapo kama mtu, na bendi yako, na jina lako, hilo halikuhesabiwa miongoni mwa njia zilizokuwa wazi.

Mfano wa pili unaniudhi zaidi, kwa sababu unajidai kuwa wa kweli. L.A. Noire ya mwaka 2011 ni mchezo wa upelelezi unaofanyika Los Angeles mwaka 1947. Waliujenga mji barabara kwa barabara, na waigizaji wakarekodiwa nyuso zao hadi mshipa wa shavu. Jazi inapenya kila mahali, kwenye redio ya gari, kwenye baa, kwenye mvua. Sasa, mtu yeyote aliyesoma kidogo historia ya mji huo anajua kwamba moyo wa jazi yake katika miaka hiyo ulikuwa Central Avenue, mtaa wa watu weusi. Dexter Gordon alizaliwa mji huo. Charles Mingus alikulia Watts, kusini kidogo. Charlie Parker alirekodi huko mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 1947, ametoka hospitali ya wagonjwa wa akili. Ilikuwa miaka ya moto katika muziki ule, na moto ulikuwa mtaani kwao.

Na mwimbaji wa jazi katika mchezo huo, yule ambaye mpelelezi wetu mweupe anampenda hadi kuiharibu ndoa yake, ni nani? Ni Mjerumani. Elsa, mkimbizi, anayeimba katika klabu iitwayo The Blue Room. Nyimbo zake ni nzuri, na mkimbizi Mjerumani mwaka 1947 ni mtu anayewezekana kabisa. Siwezi kumkataa. Ninachokataa ni mizani: kwamba katika mji wenye Central Avenue, baada ya pesa zote zile za kuhakiki taa za barabarani na nambari za magari, sauti iliyochaguliwa kubeba huzuni ya jazi ni hiyo.

Mwaka 1947 huo huo, upande wa pili wa nchi, Billie Holiday alihukumiwa kifungo kwa dawa za kulevya, na kwa sababu hiyo akapoteza kibali cha kuimba katika klabu za New York zilizouza pombe. Hakukipata tena. Alikufa Julai 1959 kitandani hospitalini akiwa chini ya ulinzi wa polisi. Sauti yake utaisikia katika BioShock ya mwaka 2007, ikilipamba jiji la matajiri chini ya bahari, mwaka 1960 wa hadithi, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Utaisikia pia katika Fallout 3, ikitoka redioni juu ya magofu, pamoja na The Ink Spots, wanaume wanne weusi wenye sauti kama hariri. Dunia ya Fallout imebaki na kila kitu cha Marekani ya miaka ya 1950: magari, matangazo, tabasamu la mama wa nyumbani. Sheria iliyowazuia The Ink Spots kulala katika hoteli ya wazungu haimo. Imetoweka bila maelezo, na gemu linaendelea kuimba.

Kwa nini nalisumbukia jambo hili, nami niko Afrika Mashariki, nikiwa na mitihani ya kusahihisha? Kwa sababu vijana wetu hawaijui Marekani ya miaka ya 1940 kwa vitabu. Wataijua kwa gemu. Kwa wengi wao, mara ya kwanza kusikia saksafoni ya namna ile itakuwa ni mara ya kwanza kuona kofia ya mpelelezi na taa ya barabarani iliyolowa mvua, na mtu mweupe akivuta sigara chini yake. Akili itaunganisha viwili hivyo, kama akili ifanyavyo, na jazi itakuwa muziki wa wazungu wa zamani wenye huzuni. Nimewahi kuambiwa hivyo darasani, na mwanafunzi mwerevu, bila mzaha. Nilipomwambia kwamba waasisi wake walikuwa wajukuu wa watumwa, alinitazama kama ninayejaribu kujimilikisha kila kitu kizuri.

Harlem kulikuwa na klabu maarufu iitwayo Cotton Club. Ellington alipiga hapo tangu mwaka 1927, na Calloway baada yake. Kanuni yake ilijulikana: weusi jukwaani, weupe mezani. Nikitazama michezo hii naona tumepiga hatua ya ajabu. Siku hizi hata jukwaani hawahitajiki.

Haki inanidai nitaje walio tofauti. Grand Theft Auto IV ya mwaka 2008, mchezo ambao sitaki kijana wangu aucheze, mchezo wa wizi na matusi, una kituo cha redio cha jazi ambacho mtangazaji wake ni Roy Haynes. Si sauti ya kuigiza. Ni Roy Haynes mwenyewe, mpiga dramu aliyefanya kazi na Charlie Parker na Sarah Vaughan, akiwa na umri wa miaka 83, anakutangazia Ellington, Coltrane na Sonny Rollins kama mzee anayekuonyesha picha za ukutani kwake. Alifariki Novemba 2024, na ninaamini wapo vijana duniani waliomlilia kwa sababu waliwahi kuiba gari la mchezoni wakakuta redio imewashwa hapo. Ajabu ya mambo ni kwamba heshima hiyo ilitoka katika gemu la wezi, na wenye kujidai usanii hawakuifikiria.

Ape Out ya mwaka 2019 sijui niiweke wapi. Kwa ufundi, hakuna gemu lililoikaribia jazi zaidi. Humo hamna wimbo uliorekodiwa ukazungushwa. Dramu zenyewe zinajibu unachofanya, zinatulia ukitulia, zinachacha ukichachamaa, na kila pigo lako linapigiwa toazi. Hiyo ndiyo jazi kwa maana yake ya ndani, mazungumzo ya papo kwa papo ambayo hayatarudi yalivyokuwa. Lakini wewe mchezaji ni gorila aliyetoroka kizuizini, anayewabamiza walinzi ukutani. Siwashtaki waundaji kwa nia mbaya. Sina ushahidi, wala sidhani. Nasema tu kwamba jazi iliitwa muziki wa msituni tangu utotoni mwake, na Ellington mwenyewe alitangazwa Cotton Club kwa neno hilo, na mtu anayelijua hilo hawezi kukishika kidhibiti cha mchezo ule bila vidole kusita kidogo. Vyangu vilisita. Kisha nikaendelea kucheza hadi usiku wa manane, nalo nalikiri.

Nalijua jibu kubwa linalokuja, na nimeletewa tayari na rafiki yangu mmoja wa idara ya jirani: muziki hauna mwenyewe, muziki husafiri. Akaniuliza, Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz na Tabora Jazz walimwomba nani ruhusa ya jina? Wengi wao walikuwa wakipiga rumba! Ni kweli. Na Franco kule Kinshasa naye aliiita bendi yake OK Jazz mwaka 1956. Walilichukua jina kwa sababu lilikuwa na sauti ya ujana na ya mji. Lakini tazama walichokifanya nalo. Walilivisha gitaa zao, lugha zao, majina ya miji yao. Ukiisikia Morogoro Jazz hutadhani hata mara moja kwamba Morogoro haina watu. Huko ndiko kuazima ninakokutetea: kitu kinaingia nyumbani kwako, kinakukuta upo, na aliyekitoa anabaki alipo. Kondo naye aliazima hivyo. Mario hakumvalia mtu yeyote ngozi yake, na ladha ile ikawa ya Kijapani bila kumfuta aliyeipika kwanza. Anayenikera ni yule anayeirudia enzi ya watu fulani kwa kila undani, hadi kifungo cha koti, kisha watu wenyewe akawasahau.

Wala asiniambie mtu kwamba haya ni mambo ya zamani. Julai 2024 waigizaji wa sauti na wa miondoko wa michezo ya video nchini Marekani waligoma, na mgomo ukachukua takribani mwaka mzima. Dai lao kubwa lilikuwa juu ya akili bandia: kwamba mwili wa mtu usirekodiwe mara moja kisha ukachezeshwa milele bila ridhaa na bila malipo. Niliposoma habari zile nilimkumbuka Calloway na rotoskopu. Miaka zaidi ya tisini imepita, na swali halijabadilika hata herufi. Mpiga saksafoni ndiye anayefuata kwenye foleni, na bila shaka mpiga gitaa wa Sinza na wa Kinshasa yuko nyuma yake, hata kama hajaambiwa.

Hayo ndiyo binti yule aliyotaka kuyaandika, kwa utaratibu mzuri kuliko wangu na kwa hasira kidogo zaidi iliyofichwa vizuri. Aliandaa jedwali la michezo kumi na miwili: nani anaonekana, nani anasikika, nani ametajwa kwa jina. Nililipitia tena juzi usiku. Safu ya "anasikika" imejaa. Safu ya "anaonekana" ina nafasi nyeupe kutoka juu hadi karibu na chini.

Nimekwisha kumwambia asiguse methali. Nimelitia saini pendekezo lake kama lilivyokuwa, na jopo linakaa tena Ijumaa ya wiki ijayo. Nimeandika barua kwa idara kuomba projekta na spika mbili, ili kabla ya mtu yeyote kuvua miwani tusikilize kwanza dakika kumi. Nimejibiwa kwamba projekta ipo, spika ni moja, nayo inakwaruza. Nitakuja na zangu kutoka nyumbani. Kijana ameniazima kwa sharti kwamba nizirudishe kabla ya Jumamosi.